Kikombe Chenye Alama ya Moto

Kamaliza alikasirika mpaka kisu kikasimama juu ya kitunguu.

"Sema tena," akamwambia kaka yake. "Sema tena nisikie muzuri. Pengine masikio yangu njo iko na ugonjwa."

Théophile Ndayambaje alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, shati jeupe, viatu vinang'aa, na hakuweza kumtazama dada yake usoni. Mtu mzima! Munganga wa hospitali ya mgodi, mwenye kukemea wagonjwa mpaka wanameza kwinini bila maji, leo anachezea kifungo cha shati.

"Ni siku moja tu, Kamaliza. Bazungu ya komisio batakuya kesho saa sita ya muchana. Béata ni lazima akae ku meza pamoja nao, njo vile wanapenda, madamu akae, asitumike. Sasa nani ataleta chakula? Ni weye. Utavaa ile tabulie nyeupe ya kufunga kiunoni. Wakiuliza, tutasema uko muntu wa kutusaidia kazi."

"Muntu wa kazi."

"Siku moja."

"Tumbo moja lilitubeba, Théo. Titi moja. Na leo nageuka boi wako!"

Théophile akafunga kile kifungo cha shati, akaondoka. Kamaliza akabaki na kitunguu chake, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kitunguu, msimsingizie.

Sasa msidhani alikasirikia kupika. Kupika alipika kila siku. Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwaka ule wa hamsini na saba, hospitali moja kubwa, huko mbali kabisa, safari ya malori na mashua, ilikuwa imefungua nyumba ya magonjwa ya neva: ubongo, uti wa mgongo, watu wa kupooza, watu wa kutetemeka, watu wa kifafa. Ilitafuta wasaidizi wa daktari wawili, Wakongomani, katika nchi nzima wawili tu, walale mle mle hospitalini kwa miaka miwili wakifundishwa kando ya vitanda vya wagonjwa. Théophile alikuwa ameomba. Alikuwa ameshinda mtihani wa kuandika, ameshinda mtihani wa kusema. Ilibaki nyumba.

Ndiyo, nyumba! Akili ya mtu haikuwatosha wale. Ilikuwa lazima waje waone anavyokula, kama ana forsheti, yaani uma, kama mke wake anakaa mezani, kama choo chake kina mfuniko. Mzungu akiomba kazi, nani alikwenda kuchungulia choo chake? Hakuna. Lakini mtu wa Masisi, na vyeti vyake vyote, anachunguliwa. Haya, tuendelee, nisije nikapasuka.

Kamaliza alikuwa na kifafa tangu utoto. Mara ya kwanza alianguka kule kwao milimani, Masisi, karibu na moto, wakati mama yao Mukandori anapima maziwa ya asubuhi. Wote waliokuwa nyumbani walikimbia. Mama, shangazi, majirani, wote wakajibandika ukutani, kwa sababu kwao walisema mwenye kumgusa muanguka wakati povu linatoka anabeba lile anguko na kulipeleka kwake. Mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya moto na watu wazima wanatazama. Aliyeingia kumvuta ni Théophile, naye bado kitoto cha kaptula, kwa mikono mitupu. Kovu la siku ile liko kwenye kiganja chake cha kuume mpaka leo, na la Kamaliza liko toka kiwiko mpaka vidoleni.

Siku ileile mama akachukua kikombe cha mti, kimoja cha vile vya kunywea maziwa, akakichoma alama mdomoni kwa chuma cha moto. Kikawa cha Kamaliza peke yake. Mwingine asikiguse, maana walisema muanguka akinywa kwenye chombo cha wote, ugonjwa utaenea nyumbani na ng'ombe watakauka. Hivyo ndivyo walivyofanya wote kule, wala hawakuwa watu wabaya, walisali rozari kila jioni. Lakini mjaribu kunywa miaka ishirini kwenye kikombe cha peke yenu, halafu mje mniambie kama mnasikia ladha ya maziwa.

Théophile aliapa. Alisema atasoma mpaka ajue kifafa kinatoka wapi. Akasoma kweli, kwa mapadri kwanza, kisha shule ya wasaidizi wa daktari, na alipopewa kazi Walikale, kwenye hospitali ya mgodi, alipanda milima akamchukua dada yake. "Uyu atakaa kwangu," aliwaambia wazazi. Wakashuka pamoja na lori toka kwenye baridi ya majani mpaka kwenye joto la pori. Akampa vidonge vya Gardénal, kila jioni, bila kukosa, na maanguko yakapungua mpaka ikawa inapita misimu ya mvua bila anguko hata moja.

Kikombe kilishuka nao. Kamaliza alifikiri kitabaki Masisi, lakini mama alikifunga katika mzigo wake. Na Béata, mke wa Théophile, alipokiona na kuelezwa, alishika kifua. Tangu hapo kikawa na kibao chake peke yake ukutani jikoni.

"Ni juu ya Béata," Théophile alisema. "Anaogopa. Tumuache polepole."

Polepole! Miaka mitano ya polepole. Kamaliza alikubali, kwa sababu alimpenda kaka yake, na kwa sababu kaka yake alimgusa. Nani mwingine alimgusa? Jioni baada ya kazi Théophile alijifunzia juu yake. Alimketisha kwenye kiti, miguu ikining'inia, akampiga chini ya goti na kinyundo cha mpira, na mguu ukaruka wenyewe. "Unaona?" alisema kwa furaha, kila mara kama mara ya kwanza. "Haujaomba ruhusa kwa kichwa. Goti linajibu lenyewe." Akamkwaruza nyayo na ncha ya ufunguo. Akamwambia afumbe macho aguse pua. Akamwomba ajifanye daktari mkubwa na kumuuliza maswali kwa Kifaransa, naye Kamaliza akauliza, sauti nene, mikono mgongoni, wakacheka mpaka Béata akagonga ukuta. Kifaransa chake chote alikipata hivyo. Na kila wakimaliza, Théophile alinawa mikono kwa alkoli mpaka viwiko. Kamaliza aliona ni mtindo wa hospitali. Waganga wote wananawa, sivyo?

Basi kesho yake wakafika. Walikuwa watatu. Wa kwanza, Daktari Vermaelen, mkubwa wa ile nyumba ya neva mwenyewe, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Wa pili, ajenti wa serikali, mnene, ambaye kabla ya kusalimia alikwenda moja kwa moja kuangalia choo. Wa tatu alikuwa Narcisse Rukara, karani, mtoto wa Masisi kama wao, ambaye alikuwa amekwisha kuchunguliwa zamani na kupewa kadi yake ya mstaarabu, na sasa anatembezwa kwenye nyumba za wenzake awe mfano. Tai yake ilimkaba mpaka shingo ikafura.

Béata alikaa mezani kama mtu aliyefungwa kamba. Forsheti ziliazimwa kila pembe ya kambi ya mgodi, hakuna hata mbili za kufanana. Kamaliza akaleta supu, akaleta kuku, akaleta wali na sombe ya majani ya muhogo, tabulie nyeupe kiunoni, mkono wa shati umeshushwa kufunika kovu. Ajenti akamwonyesha kwa kidevu.

"Na huyu?"

"Ni mwanamke wa kutusaidia kazi," alijibu Théophile, kwa Kifaransa safi.

Kamaliza alisikia maneno yale yakimwingia kama mfupa wa samaki kooni. Alijua yatasemwa, alikuwa ameambiwa. Ah, kuambiwa ni kitu kimoja, kusikia ni kitu kingine! Akarudi jikoni, akasimama nyuma ya pazia, sahani ya ndizi mkononi, akasikiliza.

Daktari Vermaelen alikuwa anauliza kwa upole wake. "Niambie, Ndayambaje. Huko kwenu, mtu wa kifafa, jamaa wanamfanya nini?"

"Wanamtenga, Daktari," Théophile akajibu. "Wanampa chombo chake cha kunywea, wanakitia alama. Akianguka hawamgusi, hata kama ni kwenye moto. Wanafikiri inaambukiza. Ni ujinga mtupu, Daktari. Nikipata nafasi hii, nitarudi kupigana na ujinga huo nyumba kwa nyumba."

"Vizuri sana," alisema daktari.

Vizuri sana! Nyumba kwa nyumba! Na nyumba hii je? Kamaliza aliangalia kibao cha jikoni, na kikombe chake pale juu, peke yake, kama kilivyokaa miaka yote.

"Na katika familia yako mwenyewe?" daktari akaendelea. "Lazima niulize. Mimi naamini sana mambo ya damu. Kuna mtu wa kifafa kwenu?"

Kamaliza alishika pazia. *Sema*, alimwambia kaka yake moyoni. *Sema iko moja, iko pale jikoni, amekupikia kuku.*

"Hakuna, Daktari," alisema Théophile. "Wote ni wazima."

Hapo hasira ikapanda. Hasira ya jana ya kitunguu ilikuwa mchezo. Hii ilimtuliza mikono. Aliweka ndizi chini taratibu, akavuta kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho mama alituma na lori toka Masisi mpaka Mubi, barabarani karibu na mgodi, kwa maana mtu wa Masisi hapokei wageni bila maziwa. Akajaza glasi tatu za wageni, akajaza ya Béata. Kisha akanyoosha mkono kwenye kibao, akachukua kikombe chake, akakijaza mpaka juu. Théo akinywa hiki, alijiambia, namsamehe yote. Boi namsamehe, "hakuna" namsamehe, aende huko mbali asome na Mungu amsaidie. Anywe tu.

Akaingia. Akaweka glasi ya daktari, ya ajenti, ya Narcisse, ya shemeji yake. Mwisho akaweka kikombe cha mti mbele ya kaka yake, alama ya moto imemgeukia.

Théophile akaona. Uso wake ukawa rangi ya majivu. Béata akashusha forsheti. Narcisse Rukara, mtoto wa Masisi, na tai yake yote, aliacha kutafuna, kwa sababu alama ile kila mtu wa kwao anaijua.

"Kunywa, Patro," Kamaliza alisema kwa Kiswahili, kama boi kwa bwana wake. "Ni maziwa ya kwenu."

Théophile hakunywa, wala hakukisukuma. Alikitazama tu. Ndipo daktari, mtu wa watu, mpenda vitu vya wenyeji, akapiga makofi.

"Ah, hiki ndicho chombo chenyewe! Glasi ninazo nyumbani. Unaniruhusu?"

Akanyoosha mkono wake mrefu, akakichukua, akameza funda moja, la pili—

"Hapana! Si hiyo!"

Mkono wa Théophile uliruka. Haukuomba ruhusa kwa kichwa. Ule wa kuume, wenye kovu, uliruka kama goti chini ya kinyundo, ukapiga kikombe, maziwa yakamwagika kwenye tai ya daktari, na kikombe kikaviringika chini mpaka kwenye miguu ya Kamaliza.

Théophile aliangalia mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Na Kamaliza akaelewa alkoli. Jioni zote zile, mpaka viwiko! Haikuwa mtindo wa hospitali. Haikuwa Béata. Lo! Alikuwa Théo mwenyewe aliyeogopa, siku zote yeye.

"Kuna nini ndani?" Ajenti alikuwa amesimama, kiti kimeanguka. "Sumu? Huyu mwanamke ametia sumu?" Akamkamata Kamaliza mkono, mkono uleule wa moto, akaufinya. "Jibu! Umetia nini?"

Kamaliza alimtazama kaka yake. Neno moja tu lilihitajika, na Théophile alikuwa nalo mdomoni, ilionekana likitembea kwenye shavu lake. Ajenti akafinya zaidi. Théophile akatazama kitambaa cha meza.

Aliyesema ni Narcisse, na alisema bila kupenda. "Si sumu, Bwana. Ni kikombe cha mtu wa kifafa. Kwetu tunavitia alama ile."

"Cha nani?" aliuliza daktari.

"Changu," alisema Kamaliza, kwa Kifaransa. Alijichomoa mkononi mwa ajenti, akapandisha mkono wa shati mpaka kiwiko, wakaona wote. "Mimi ni dada yake. Tumbo moja. Nilianguka kwenye moto na yeye ndiye alinitoa."

Daktari Vermaelen alimtazama Kamaliza, akamtazama Théophile. "Ulisema hakuna."

Théophile akaanza kupangusa maziwa mezani kwa mkono uleule.

Kisha tazameni jambo. Daktari yule, mkubwa wa neva, mwenye kufundisha wanafunzi kwamba kifafa hakiambukizi, alichukua kitambaa chake akafuta midomo. Akafuta tena. Akachovya kitambaa kwenye glasi ya maji, akafuta mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kamaliza aliona, na akacheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya serikali na mbele ya kila kitu, kwa sababu kumbe ni walewale, walioko ukutani Masisi na hawa wenye tai, wote wamejibandika ukutani.

Daktari hakupenda kicheko kile. Alisimama. "Nimesikitika, Ndayambaje. Umenidanganya. Lakini hata usingenidanganya, siwezi kumpa kitanda katika nyumba yangu mtu mwenye damu ya namna hii. Leo dada, kesho wewe." Akachukua kofia. Ajenti akamfuata. Narcisse alibaki nyuma kidogo, akasema polepole, "Pole, kaka," na haikujulikana alimwambia nani. Gari ikaondoka.

Béata alikimbia kufunga mlango, akafunga na madirisha, maana majirani wa kambi walikuwa wamesogea uani kusikiliza kicheko kile kilitoka wapi. Nyumba ikawa giza mchana.

"Umeniua," alisema Théophile. Kisha akapiga meza, forsheti za watu zikaruka. "Umeniua, Kamaliza! Nilikuwa nasomea nani? Sema! Hii yote nilikuwa nafanya juu ya nani? Kama si weye!"

"Juu yangu!" Kamaliza naye akawaka. "Kinyundo juu yangu, ufunguo juu yangu, maswali juu yangu! Yule muzungu alinishika mukono anasema nimetia sumu, na weye unaangalia meza. Ungeniachilia nifungwe, Théo?"

"Singeachilia."

"Ungesema lini? Nikisha kufika ku gereza?"

"Nilikuwa nataka kusema!"

"Mudomo ilikataa, lakini mukono ilisema haraka!"

Théophile akakaa. Hasira ilimtoka ghafla kama upepo wa mpira uliotobolewa, akabaki kuangalia viganja vyake. "Sikujua," alisema. "Naapa mbele ya Mungu, sikujua kama iko ndani yangu. Nilisoma, Kamaliza. Ninajua ni uongo. Ninajua!"

Kamaliza aliokota kikombe, akakifuta kwa tabulie, akamimina maziwa yaliyobaki kwenye kibuyu. Akakiweka mbele yake, kama mwanzo.

Safari hii Théophile alikishika. Béata akasema, "Yesu wangu," akageukia ukuta. Théophile akakipeleka mdomoni, meno yakagonga mti, akanywa. Mpaka nusu. Maziwa yalimshuka kidevuni pamoja na machozi.

"Unaona?" alisema. "Nimekunywa. Dada yangu, nimekunywa."

"Nimeona," alisema Kamaliza. "Lakini ni miye tu. Mulango imefungwa."

Akatembea mpaka mlangoni, akaufungua wote. Mwanga ukaingia. Nje majirani walikuwa wamesimama, wauguzi wa hospitali, wake za wachimbaji, karani wa ghala, watu ambao Théophile aliwatibu na ambao kesho angewakuta kazini.

"Sasa maliza hii ya kubakia," alisema Kamaliza. "Na uwaambie miye ni nani."

Théophile alitazama watu. Watu walimtazama, yeye na kile kikombe. Kiganja chenye kovu kilikuwa juu ya goti, na Kamaliza alikingojea. Alikingojea kwa moyo wote, mjue hivyo. Mpaka dakika ile angeweza bado kusamehe. Kiganja hakikuinuka.

Basi akavua tabulie, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti cha daktari. Aliingia chumbani, akatoka na kitenge chake na kopo la Gardénal, kwa sababu dawa ilikuwa haki yake na hakuwa mjinga. Akachukua kikombe mezani, akamaliza maziwa mwenyewe, palepale mbele ya kila mtu, akakitumbukiza kwenye mzigo.

"Unaenda wapi?" Théophile aliuliza, na sauti yake ilikuwa ile ya kitoto cha kaptula.

"Mubi. Lori ya Masisi inapitaka pale."

"Kule watakuweka tena ku kona. Kule hawajui kitu."

"Njo vile. Kule hawajui. Weye unajua." Alijitwika mzigo kichwani, na majirani wakampisha njia. Alipofika katikati ya uwanja akageuka, akamtazama kaka yake aliyesimama mlangoni, mikono imening'inia.

"Mukono yako ilikuwa na akili sana wakati ungali mutoto, Théo," alisema. "Njo shule gani ilikuondolea ile?"

Akashika barabara ya Mubi.